Saa ya mashine pepe ikienda kombo: soma umbo la kosa kabla ya kugusa kitu

Simu ya kwanza kwa kawaida haitaji saa kabisa. Mhasibu anasema, "Kaka, risiti imetoka na tarehe ya kesho." Kijana wa mauzo analalamika kwamba zile tarakimu sita za kwenye simu yake zinakataliwa, na jana zilikubali. Mwandishi wa programu anaambiwa na `make` kwamba faili lake limebadilishwa wakati ambao haujafika. Mwingine anaonyeshwa kwamba cheti cha tovuti bado hakijaanza kutumika, ilhali kimetolewa asubuhi hiyohiyo. Ukiona malalamiko ya namna hii na yote yanatoka kwenye mashine pepe, achana na risiti, simu na cheti. Angalia saa.

Hapo mafundi wengi huandika `date -s`, saa inakaa sawa, wanaaga na kuondoka. Kesho yake tatizo limerudi, na ushahidi wa jana wameufuta kwa mkono wao wenyewe. Saa iliyokosea ina umbo. Kuna tofauti isiyobadilika, kuna tofauti inayokua kidogo kidogo, kuna mruko mmoja mkubwa, na kuna ile inayopanda na kushuka kama meno ya msumeno. Umbo ndilo linalokwambia chanzo kiko wapi, kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa maumbo hayo. Seva yenyewe ya chuma nitaiita mwenyeji, na mashine pepe inayokaa ndani yake nitaiita mgeni.

Pima, tena kwa saa ya tatu

Usimlinganishe mgeni na mwenyeji wake ukaishia hapo. Wanaweza kuwa wamepotea wote wawili, bega kwa bega. Tafuta shahidi wa nje. Kwenye Linux yenye chrony (programu inayosahihisha saa kwa NTP, itifaki ya kuulizia saa mtandaoni), amri hii inauliza saa ya nje na kukwambia tofauti bila kugusa chochote:

`chronyd -Q 'pool ke.pool.ntp.org iburst'`

Kwa Tanzania kuna `tz.pool.ntp.org`, na `africa.pool.ntp.org` ipo kwa yeyote. Kwenye Windows:

`w32tm /stripchart /computer:pool.ntp.org /samples:5 /dataonly`

Pima sasa, pima baada ya dakika kumi, pima baada ya saa moja. Andika namba hizo kwenye karatasi, kwa sababu muhuri wa muda kwenye logi ndio huohuo unaoushuku. Kisha pima hivyohivyo kwa mwenyeji. Dakika sabini za uvumilivu zinaokoa wiki ya kubahatisha.

Hesabu ndogo ya kukaa nayo kichwani: makosa ya saa hupimwa kwa sehemu kwa milioni. Saa inayopoteza sekunde moja kwa siku imekosea sehemu 11.6 kwa milioni. Kioo cha kawaida cha kwenye ubao mama (fuwele inayoipa saa mapigo yake) hukosea makumi kadhaa ya sehemu hizo, yaani sekunde chache kwa siku, na hilo si ugonjwa. Ugonjwa unaanza zaidi ya hapo, na kuna mpaka mmoja utakaoukuta tena hapa chini: sehemu 500 kwa milioni, ambazo ni sekunde 43.2 kwa siku.

Tofauti ni saa kamili, haipungui wala haiongezeki

Hili ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo linalopoteza muda wa watu wengi, kwa sababu wanakimbilia kurekebisha saa wakati saa haina kosa.

Tofauti ya saa tatu kamili huku kwetu ina maana moja karibu kila mara: mmoja anasoma UTC, saa ya marejeo ya dunia, mwingine anasoma majira ya Afrika Mashariki, yaani UTC+3. Windows kwa desturi huamini kwamba saa ya ubao mama imeandikwa kwa majira ya mahali ilipo. Linux huamini imeandikwa kwa UTC. Haipavaiza, programu inayoendesha wageni juu ya mwenyeji, humtengenezea mgeni saa ya ubao mama ya bandia, na inabidi iambiwe ni lugha gani ya kuzungumza naye. Kwenye libvirt (zana ya kusimamia wageni wa KVM, haipavaiza ya Linux) ni mstari wa `<clock offset='utc'/>` kwa mgeni wa Linux na `<clock offset='localtime'/>` kwa mgeni wa Windows. Kwenye QEMU tupu ni `-rtc base=utc` au `-rtc base=localtime`. VirtualBox ina kisanduku cha kuweka tiki kwenye mipangilio ya mfumo, kimeandikwa "Hardware Clock in UTC Time". Dalili ya kosa hili ni kwamba mgeni akiwashwa anakuwa mbele au nyuma kwa saa tatu, NTP inamsahihisha, halafu akizimwa na kuwashwa kosa linarudi lilelile.

Kama saa iko sawa lakini kazi za usiku zinaanza alfajiri, shida ni ukanda wa saa tu. Mashine nyingi za kukodi mawinguni huja zikiwa kwenye UTC. Umepanga nakala rudufu zianze saa nane za usiku, zinaanza saa kumi na moja alfajiri, na zinakutana na watu wa zamu ya asubuhi. Ama `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, ama acha UTC ilivyo na upange kazi zako kwa UTC. Mimi huchagua la pili kwa seva na la kwanza kwa kompyuta ambazo watu wanazitazama.

Tofauti ya saa moja au mbili: angalia kama mwenzako yuko Goma, Lubumbashi, Kigali au Bujumbura, maana huko ni UTC+2, na Kinshasa ni UTC+1. Muscat na Dubai ni UTC+4. Na kama tofauti hiyo ya saa moja imezaliwa ghafla mwishoni mwa Oktoba, mtu alichagua mji wa Ulaya. Niliwahi kukuta seva imewekwa `Europe/Helsinki`. Aliyeiweka alifanya kazi hiyo mwezi wa saba, majira ya kiangazi ya huko, akaona saa inalingana na ya ukutani, akaridhika. Oktoba Ulaya ikarudisha saa nyuma na seva ikaifuata. Sisi hatuna desturi ya kusogeza saa, kwa hiyo mruko wa saa moja unaokuja mara mbili kwa mwaka hauwezi kuwa wetu.

Tofauti ya saa sita, hiyo usiitafute kwenye mashine. Meneja alisema "saa tatu asubuhi", fundi akaandika `0 3 * * *`, na ripoti ikatoka saa tisa usiku. Nimeiona zaidi ya mara moja, na dawa yake ni kumuuliza mtu, "Saa tatu ya Kiswahili au ya kwenye simu?"

Inachelewa, au inakimbia, kidogo kidogo

Hapa ndipo umashine pepe unapohusika hasa, kwa hiyo tukae kidogo.

Mfumo wa zamani ulihesabu muda kwa hodi. Kipima muda cha ubao mama kiligonga mlango wa kerneli (moyo wa mfumo endeshi) mara 100 kwa sekunde, baadaye mara 1000, na kerneli ikahesabu hodi: zikifika 1000, sekunde imepita. Kwenye chuma halisi mwenye nyumba yupo muda wote. Mgeni hayupo muda wote. Anapewa prosesa kwa zamu, na wakati si zamu yake hodi zinagongwa kwenye nyumba tupu. Asipozisikia, kwake muda huo haukupita. Saa inachelewa, na inachelewa zaidi saa za kazi nyingi kuliko usiku. Hiyo ndiyo alama yake: chora tofauti dhidi ya mzigo wa mwenyeji, utaona zinapanda pamoja.

Haipavaiza zinajua hili, na dawa yao ni kuziweka akiba hodi zilizopotea na kuzigonga zote mfululizo mgeni akirudi. Ni sawa, ila zipo kerneli ambazo nazo zinajua hodi hupotea na zinajifidia zenyewe. Wote wawili wakifidia, muda unahesabiwa mara mbili na saa inaanza kukimbia. Kwa hiyo mgeni anayekimbia si lazima awe na ugonjwa tofauti na anayechelewa. Mara nyingi ni ugonjwa uleule, umetibiwa na madaktari wawili.

Ukiwa bado unalea mgeni wa RHEL 5 au CentOS 5, na wapo waliofichwa chini ya mifumo ya uhasibu, fanya hesabu hii: hodi 1000 kwa sekunde kwa kila prosesa pepe. Wageni kumi wenye prosesa mbili mbili wanadai hodi 20,000 kila sekunde kutoka kwa mwenyeji hata wakiwa hawafanyi kitu. Ongeza `divider=10` kwenye mstari wa kuwashia kerneli, hodi zitashuka kuwa 100 na mwenyeji atapumua.

Kerneli za leo hazitegemei hodi. Zinasoma kaunta. Swali ni kaunta ipi, na jibu liko hapa:

`cat /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource`

`cat /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/available_clocksource`

Kwenye KVM unataka kuona `kvm-clock` au `tsc`. Kwenye Xen ni `xen`, kwenye Hyper-V ni `hyperv_clocksource_tsc_page`, kwenye VMware kwa kawaida ni `tsc`. Ukikuta `acpi_pm` au `hpet`, umepata mshukiwa. Kaunta hizo mbili haziko ndani ya prosesa. Kila mgeni anapozisoma anatoka nje, anamwita haipavaiza, anasubiri jibu, anarudi. Hifadhidata inayouliza saa mara elfu nyingi kwa sekunde itapunguza mwendo bila wewe kuelewa kwa nini, na watu watalaumu diski.

Kwa nini kerneli ilikimbilia huko? Soma `dmesg | grep -i clocksource`. Sentensi unayoitafuta ni ile inayosema `Marking clocksource 'tsc' as unstable because the skew is too large`. TSC ni kaunta iliyomo ndani ya prosesa, ipo tangu Pentium ya mwaka 1993, na ni nyepesi kuliko zote. Lakini prosesa za zamani zilibadilisha mwendo wa kaunta kila zilipobana umeme, na viini vya prosesa moja viliweza kutofautiana. Angalia kwa mwenyeji kama `/proc/cpuinfo` ina `constant_tsc` na `nonstop_tsc`. Zikiwepo zote mbili, TSC yenyewe ni nzima, na kilichoivuruga pengine ni mgeni kuhamishwa akiwa hai kwenda kwa mwenyeji mwenye prosesa ya mwendo tofauti, au mwenyeji kulemewa kiasi kwamba mlinzi wa kaunta ndani ya kerneli alichelewa kuamka akadhani kaunta ndiyo imekosea. Uthibitisho wa kulemewa ni safu ya `st` kwenye `top` ndani ya mgeni: ndio muda ambao mgeni alitaka prosesa akanyimwa. Ikikaa juu muda mrefu, usihangaike na saa. Punguza wageni au ongeza chuma.

Kwa mgeni wa Windows kwenye KVM, hakikisha faili lake la libvirt lina mistari hii:

`<timer name='rtc' tickpolicy='catchup'/>`

`<timer name='pit' tickpolicy='delay'/>`

`<timer name='hpet' present='no'/>`

`<timer name='hypervclock' present='yes'/>`

Huo wa mwisho ndio wenye nguvu: unampa Windows kaunta ileile ambayo angeipata kwa Hyper-V, naye anaacha kutegemea hodi. Aliyeunda mgeni kwa mkono, kwa kunakili faili la XML la mashine nyingine, mara nyingi anaukosa.

Iliruka mara moja, kisha ikatulia kwenye kosa

Uliza kilichotokea dakika hiyo. Mgeni alisimamishwa na kuendelezwa? Alirudishwa kwenye snapshoti (picha ya hali yake iliyohifadhiwa) ya wiki iliyopita? Laptopu ilifungwa ikalala? Mgeni aliyelala hajui kwamba amelala. Anaendelea pale alipoachia.

WSL2, ile Linux inayokaa ndani ya Windows, ni mgeni pia, ingawa wengi husahau. Funga laptopu jioni, ifungue asubuhi, `apt update` inakataa ikisema faili la hazina bado halijaanza kutumika. `sudo hwclock -s` inamsomesha saa upya.

Kwenye seva, swali ni kwa nini NTP haikumrudisha. Hapo kila programu ina tabia yake. `ntpd` ya asili ikiona tofauti inayozidi sekunde 1000 hushtuka na kujizima, kwa hoja kwamba kosa kubwa hivyo linahitaji binadamu. Ukiangalia huduma utaikuta imekufa, na logi ina maneno machache tu. Kwa mgeni, weka `tinker panic 0` juu kabisa ya `ntp.conf`. Chrony haijizimi, ila mstari wake wa kawaida, `makestep 1.0 3`, unairuhusu kurusha saa katika masahihisho matatu ya kwanza tu baada ya kuwashwa. Baada ya hapo husogeza polepole, na kasi yake ya juu ni moja ya kumi na mbili: kosa la saa moja litachukua saa kumi na mbili kuisha. Unatazama `chronyc tracking`, unaona tofauti inapungua, unadhani mambo mazuri, kumbe watumiaji watakosea mpaka usiku. Kwa mgeni anayelazwa na kuamshwa mara kwa mara andika `makestep 1.0 -1`, na kwa dharura ya sasa hivi, `chronyc makestep`.

Kwenye libvirt kuna njia nyingine, kama mgeni ana `qemu-guest-agent`: `virsh domtime --sync jina_la_mgeni`. Iweke kwenye skripti inayoendeleza mashine baada ya kuchukua nakala.

Inapanda na kushuka kama msumeno

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Msumeno maana yake kuna wasahihishaji wawili: NTP ndani ya mgeni inasogeza saa kuelekea seva za nje, na zana za haipavaiza zinairudisha kwenye saa ya mwenyeji. Kila mmoja anamwona mwenzake kama kosa. Mbaya zaidi, NTP inajifunza mwendo wa kioo kutokana na historia, na historia hiyo sasa imejaa mikono ya mtu mwingine, kwa hiyo makadirio yake yanaharibika hata fahali wa pili akitulia.

Chagua mmoja. Mimi huchagua NTP ndani ya mgeni, kwa sababu ina kumbukumbu, ina takwimu, na inakwambia inapokwama.

Kwenye VMware, `vmware-toolbox-cmd timesync status` inaonyesha hali, na `disable` inazima. Hapa pana mtego: kuzima huko kunagusa usahihishaji wa kila mara tu. Matukio kama kuendelezwa, kurudishwa kwenye snapshoti, kubana diski au kuwashwa upya kwa zana bado yanarusha saa mara moja kufuata mwenyeji. Ukitaka kuyazima nayo, unayaandika moja moja kwenye faili la `.vmx`: `time.synchronize.continue`, `time.synchronize.restore`, `time.synchronize.resume.disk`, `time.synchronize.shrink`, `time.synchronize.tools.startup`, zote ziwe `"0"`. Binafsi siyazimi bila sababu. Namweka mwenyeji sawa, na mruko wa mara moja kutoka kwa mwenyeji mzima si adui.

VirtualBox inafanya kazi hii kupitia huduma ya Guest Additions, na kwa kawaida husogeza polepole mpaka tofauti ifike dakika 20 ndipo irushe. Kuizima kabisa:

`VBoxManage setextradata jina "VBoxInternal/Devices/VMMDev/0/Config/GetHostTimeDisabled" 1`

Kwenye Hyper-V ni huduma ya ulinganishaji wa saa kwenye mipangilio ya mgeni. Ndani ya Windows, `w32tm /query /source` ikijibu `VM IC Time Synchronization Provider`, basi mgeni anamfuata mwenyeji, hata kama umemwekea NTP kwa mkono wako.

KVM ina suluhu nzuri kuliko zote hizi, na sijui kwa nini haitumiki zaidi: mwache mgeni asome saa ya mwenyeji moja kwa moja, lakini kupitia chrony yake mwenyewe. Pakia moduli kwa `modprobe ptp_kvm`, kisha kwenye `chrony.conf` ya mgeni andika `refclock PHC /dev/ptp0 poll 2`. Fahali anabaki mmoja, mtandao hauhusiki, na usahihi unakuwa bora kuliko ule unaopatikana kupitia intaneti.

NTP ipo, inafanya kazi, na saa haisogei

`chronyc sources`, angalia safu ya mwanzo na safu ya Reach. `^*` ndiyo seva iliyochaguliwa. `^?` na Reach ya 0 maana yake hakuna jibu hata moja: poti ya UDP 123 imefungwa na faiawoli, mara nyingi ile ya mtoa intaneti au ya makao makuu, si yako. Reach ni namba ya mfumo wa nane, na 377 ndiyo alama kamili, majibu manane ya mwisho yote yamefika. `^x` ni seva ambayo chrony imeona haikubaliani na wenzake. Ukiwa na seva mbili tu zisizokubaliana, hakuna wa kuamua. Weka nne.

Kama majibu yanafika lakini tofauti inaendelea kukua, rudi kwenye ule mpaka wa sekunde 43.2 kwa siku. `ntpd` haiwezi kusogeza saa kwa zaidi ya sehemu 500 kwa milioni. Mgeni anayepoteza zaidi ya hapo anamshinda mbio. Usiongeze seva za NTP. Rudi kwenye sehemu ya kaunta.

Na kama unachokiita mgeni ni kontena (programu iliyotengwa lakini inayotumia kerneli ya mwenyeji), hana saa yake. Anatumia ya mwenyeji, na `date -s` itakataliwa. Ondoa NTP ndani ya kontena, sahihisha mwenyeji.

Wageni wote wamekosea kwa pamoja

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye saa ni kinyume: mwenyeji akiugua, wageni wote wanaugua naye.

Ofisi moja niliyoitwa, umeme ulikatika usiku, betri za akiba zikaisha, asubuhi umeme ukarudi na kila kitu kikawaka. Hakuna aliyeweza kuingia popote. Betri ya CR2032 kwenye ubao mama, kile kisarafu cha volti 3, ilikuwa imekufa muda mrefu, na hakuna aliyejua kwa sababu seva haikuwahi kuzimwa. Mwenyeji akaamka miaka kadhaa nyuma, wageni wakarithi tarehe hiyo. Kisha mnyororo ukaanza: vyeti vyote vya TLS vikaonekana havijaanza kutumika. Seva ya majina ilikuwa inathibitisha saini za DNSSEC (uthibitisho wa majina ya mtandao), na saini nazo zina tarehe, kwa hiyo majina yakakataa kutafsiriwa. Majina yalipokataa, NTP haikuweza kupata anwani ya `pool.ntp.org`. Na bila NTP, tarehe haikuweza kusahihishwa. Mduara kamili.

Tuliuvunja kwa `date -s` kwa mwenyeji, tukisoma saa kwenye simu, na hapo nakubali kwamba amri hiyo ina siku yake. Kisha betri mpya ya bei ya soda. Baada ya hapo, mambo matatu ya kudumu: angalau seva moja ya NTP iandikwe kwa anwani ya IP badala ya jina. Mwenyeji awe na `rtcsync` kwenye `chrony.conf`, ili kerneli inakili saa sahihi kwenye ubao mama kila dakika 11. Na wageni wasubiri: `systemctl enable chrony-wait`, kisha huduma inayowawasha iwekewe `After=time-sync.target`. Itasubiri kwa muda tu, halafu itaendelea hata intaneti isiporudi, kwa hiyo usiogope kwamba utabaki gizani.

Kuna mduara mwingine wa kimya zaidi. Mwenyeji wa Hyper-V amejiunga na domeni, ule mtandao wa Windows wenye akaunti zinazosimamiwa mahali pamoja. Msimamizi wa domeni ni mgeni wake mwenyewe. Mwenyeji anamuuliza mgeni saa, mgeni anamuuliza mwenyeji, na wote wanakubaliana kwa heshima huku wakiteleza pamoja. Kerberos, itifaki ya kuingilia kwenye domeni, haitalia, kwa sababu inavumilia tofauti ya dakika tano kati ya mashine, na hapa tofauti kati yao ni sifuri. Unagundua pale mfumo wa nje unapokataa, au mtu anapotazama simu yake. Mzimie msimamizi wa domeni ulinganishaji wa Hyper-V na umpe chanzo cha nje.

Sekunde ya ziada, ile inayoongezwa kwenye UTC ili iendane na mzunguko wa dunia, naitaja kwa kupita. Ya mwisho iliingizwa mwisho wa tarehe 31 Desemba 2016 kwa UTC, yaani kwetu saa 02:59:60 ya alfajiri ya mwaka mpya, na mwaka 2022 Mkutano Mkuu wa Vipimo uliamua utaratibu huo ubadilishwe ifikapo 2035. Ile ya mwisho wa Juni 2012 iliamsha kosa ndani ya kerneli ya Linux, programu za Java na hifadhidata zikala prosesa bila kazi, na dawa ilikuwa kuiweka saa iwe ileile iliyokuwa, `date -s "$(date)"`. Kinachobaki muhimu leo: seva za saa za Google huipaka sekunde hiyo kidogo kidogo siku nzima, nyingine huiingiza yote kwa mkupuo. Usizichanganye kwenye faili moja.

Kuirudisha nyuma bila kuvunja vitu

Kusogeza saa mbele huleta usumbufu. Kuirudisha nyuma huvunja. Hifadhidata inaandika rekodi mpya zenye muhuri wa kabla ya zile za zamani, kazi za kroni zinarudiwa, vikao vya kuingia vinakuwa vya kesho. Dovecot (seva ya barua pepe) za zamani zilikuwa na ujumbe uliokuwa mashuhuri: zikiona muda umerudi nyuma ziliandika kwamba hilo litaleta matatizo mengi, hivyo zinajiua sasa hivi. Na zilijiua kweli.

Kosa likiwa chini ya sekunde kadhaa, iachie chrony isogeze polepole. Likiwa kubwa, simamisha hifadhidata na foleni za kazi, endesha `chronyc makestep`, hakikisha kwa `chronyc tracking` kwamba mstari wa `Leap status` unasema `Normal`, kisha subiri mpaka saa ya ukutani iupite muhuri wa mwisho ulioandikwa kabla ya marekebisho. Kama mgeni alikuwa mbele kwa dakika saba, ni dakika saba za kunywa chai. Ndipo uwashe huduma, na baada ya saa moja upime tena na kuandika namba kwenye karatasi ileile.